Hofu Katika Nyumba ya Kazi

Leo twataka kuwafikiria wenzetu wafanyao kazi hospitalini wakati wa maradhi makubwa.

Mwezi wa Oktoba 2000, ugonjwa wa Ebola ulijulikana kuwa umeingia Gulu, kaskazini mwa Uganda. Hata ulipokoma mwaka 2001, watu 425 walikuwa wameugua, na 224 kati yao wamekufa. Katika hospitali ya misheni ya Lacor, wauguzi waliwatunza wagonjwa, kisha wakaanza kuzikana wao kwa wao. Mwezi wa Novemba walikusanyika ukumbini, wengi wakitaka kuondoka. Nyumba iliyowafunza kazi na kuwalisha, sasa waliiona kama kaburi lililo wazi.

Je, tuwalaumu? La, hasha! Hofu si dhambi. Lakini wazee walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mkubwa wa kazi akinyamaza, mwenye hofu husema, "Hatujali huyu." Mshahara ukichelewa siku mbili, husema, "Wanangoja tufe." Wapelelezi wa Musa waliiona nchi moja, wote kumi na wawili, lakini kumi walirudi wakijiona kama panzi.

Daktari Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa Lacor, hakuwakemea wauguzi wake. Aliwaambia kwamba atakaye kwenda na aende, bali yeye atabaki. Nao walimwamini, kwa maana walimwona kila siku wodini pamoja nao. Tena miaka ya nyuma, waasi walipotaka kuwateka wauguzi, alijitoa achukuliwe yeye. Basi wengi wakabaki. Ugonjwa ulikuwa bado upo. Ila walijua kwamba hawakuachwa peke yao. Naye Lukwiya alishikwa na ugonjwa uo huo, akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Amezikwa katika uwanja wa hospitali.

Sisi tulio wakubwa wa kazi tujifunze hapa. Hofu ya watu haiondolewi kwa barua ya kuonya iliyobandikwa ukutani. Twende waliko, tuwasikilize, tuwaambie kweli hata ikiwa chungu.

Na sisi tulio chini ya wengine, tuipime mioyo yetu kabla ya kunena. Kama glavu hazipo, tuombe glavu, wala tusione haya. Hiyo ni haki. Hapa Kenya, mwezi wa Desemba 2020, wauguzi na madaktari waligoma wakati wa korona, wakidai pamoja na mengine vifaa vya kujikinga na bima. Lakini tusimhukumu mwenzetu moyo wake kwa sababu sisi tunatetemeka.

Na tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke walio wodini usiku huu. Uwape wakubwa wao masikio ya kusikia, na sisi sote utupe macho ya kuona sawasawa. Amina.