Hofu Siyo Aibu

Ndugu zetu wa kisomo,

Chuo cha Elimu ya Biashara kilianzishwa mwaka 1965. Kipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, siyo mbali na soko la Kariakoo. Baadhi yetu tulianzia kisomo, tukafika kidato cha nne. Sasa tunauza vitenge na dagaa Kariakoo. Tukiulizwa mbona hatuombi nafasi chuoni, tunajibu, "Biashara zinatubana." Pengine kweli. Lakini hofu nayo ipo, jamani: tunaogopa hesabu, tunaogopa kuchekwa na vijana. Basi tuseme hivyo hivyo. Mficha maradhi kilio humfichua. Tukiomba nafasi tueleze: daftari la mauzo tunaliweza, mizania hatuiwezi. Mwalimu atajua pa kuanzia. Tukinyamaza, tutaendelea kukisia faida, na mtaji utakwisha huku tunaona. Twendeni tukaombe.