Nani Anayepaka Kilima Rangi?

Hotuba ya karani mmoja wa machimbo, aliyoitoa Kibati mbele ya wafanya kazi na raia wa mji



Mliniomba niseme juu ya rangi za machimbo. Hapa Kibati hatuna koltani. Ardhi yetu ni mawe ya Nyiragongo, na mwenye bahati ana kipande cha shamba kati ya mawe hayo. Lakini ni nyumba gani kando ya barabara hii ya Rutshuru isiyokuwa na kijana aliyekwenda kuchimba Masisi au Walikale? Na ni mama gani wa soko la Goma asiyejua kwamba wachimbaji wakikosa franka, yeye naye hauzi? Kwa hiyo jambo hili ni la sisi sote.

Nimesikia watu wakisema: “Waziri ameamka asubuhi akapaka kilima chetu rangi nyekundu.” Wandugu, sivyo. Waziri hutia sahihi, ni kweli. Lakini karatasi anayoitilia sahihi yaanza mbali sana na meza yake. Yaanza kule juu, kwenye matope, pahali mtu mmoja anapouliza na mwingine anapojibu. Mimi ni karani, na kazi yangu ni karatasi. Leo nataka tuifuate karatasi hiyo tangu inapozaliwa.

Kwanza tukumbuke ilivyoanza. Mwezi wa 7, 2010, Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni zake ziseme kama madini wanayotumia yatoka Kongo au nchi za jirani. Mwezi wa 9 mwaka ule ule, Rais Joseph Kabila alisimamisha kazi ya machimbo katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, akisema ataka kuwakata watu wenye bunduki mikono yao katika biashara hii. Amri ile ilidumu hadi mwezi wa 3, 2011. Wengi wenu mwakumbuka. Ndege ndogo zilizokuwa zikitua barabarani pale Kilambo, kuchukua kasiterite ya Bisie, zilikuwa pia zikileta chakula na bidhaa. Kazi iliposimama, mchimbaji alikosa mshahara na mama muuzaji alikosa mzigo. Mwenye bunduki na asiye na bunduki walipigwa kwa fimbo moja.

Basi watu wakaona ya kwamba kufunga vilima vyote pamoja si dawa. Yafaa kutenganisha kilima na kilima. Tarehe 15 mwezi wa 12, 2010, wakuu wa nchi za Maziwa Makuu walikutana Lusaka, wakakubali mpango wa kuyapa cheti madini manne: zahabu, koltani, kasiterite na wolframu. Mwezi wa 2, 2012, Waziri wa Madini wa Kongo alitia sahihi amri ya kuuingiza mpango ule katika sheria yetu. Hapo ndipo rangi zilipopata nguvu. Kijani maana yake kilima ni safi na madini yake yaweza kupewa cheti. Manjano maana yake kuna upungufu, na wenye kilima hupewa miezi 6 ya kuutengeneza. Nyekundu maana yake simama: madini ya pale hayapati cheti.

Sasa, nani hutazama? Si mtu mmoja. Ni kikosi. Katika safari za kwanza walikuwamo watu wa ofisi ya Madini ya jimbo, watu wa SAESSCAM, ambayo siku hizi huitwa SAEMAPE na kazi yake ni kuwasaidia wachimbaji wadogo, watu wa CEEC wanaopima na kuthibitisha madini, polisi wa machimbo, na raia wa mashirika yetu ya haki. Pamoja nao walikwenda watu wa MONUSCO na wa ofisi ya jiolojia ya Ujerumani. Hukwenda na karatasi ya maswali yaliyokwisha kukubaliwa kabla ya safari. Je, kuna watu wenye silaha kilimani, au njiani wakitoza kodi? Je, kuna watoto wanaofanya kazi? Je, kuna wanawake wenye mimba mashimoni? Kila mmoja atazama kwa macho yake, kisha huandika taarifa moja ya wote.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu. Taarifa ile si sheria bado. Ni pendekezo. Kikosi chapendekeza rangi, karatasi yasafiri mpaka Kinshasa, Waziri atia sahihi, ndipo inapokuwa amri. Hatua ni tatu: kuona, kupendekeza, kukubali. Anayeona kilima si yule anayekubali. Na anayekubali hana jicho lingine ila maneno yaliyoandikwa na wale walioona.

Mpango huu una wema wake, tusiukatae. Polisi peke yake hawezi kupaka rangi. Mtu wa Serikali peke yake hawezi. Mtu wa haki za raia amesimama karibu nao, naye ana kalamu. Hata kule juu, katika kamati ya nchi za Maziwa Makuu, walipanga Serikali, kampuni na raia wakae meza moja. Mbao tatu zikifungwa pamoja, kuzivunja ni taabu.

Lakini una na ubaya wake. Wa kwanza, karatasi yatembea polepole, na vita vyakimbia. Rangi ni ya siku ile iliyoonwa. Kesho yake mwenye bunduki aweza kuhamia. Rubaya ilichukuliwa na M23 mwezi wa 4, 2024. Mwezi wa 2, 2025, Waziri alitia rangi nyekundu machimbo ya Masisi na ya Kalehe. Karatasi ilitoka Kinshasa, mlima uko Masisi, na kati yao kulikuwa na vita. Wa pili, kilima kisichofikiwa na kikosi hukaa bila rangi, na mchimbaji wake huuza gizani kwa bei ya giza. Wa tatu, nao ni mkubwa, mchimbaji mwenyewe hayumo katika kikosi. Yeye huulizwa, lakini hapendekezi.

Huu wa tatu ndio unaotuhusu sana. Na hapa, wandugu, sina budi kuwaambieni neno ambalo si la kunipa sifa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani kwenye kilima kimoja, sitakitaja. Nilishika daftari la wachimbaji: jina, kijiji, umri, nambari ya karata. Tulisikia kwamba kikosi chaja. Mkubwa wetu akaniambia: “Karani, humu ndani asiwemo mtu mwenye miaka chini ya 18.” Nikauliza, “Na waliomo?” Akasema, “Waandike 18.” Nikaandika. Mkono wangu ni mzuri, masista na mapadri walinifundisha kuandika sawasawa, na daftari lilikuwa safi kama kitabu cha kanisa. Siku ile vijana wadogo walipelekwa kukaa katika migomba upande wa pili wa kilima. Kikosi kikafika, kikaomba daftari, kikasoma, kikaandika. Hawakufanya kosa. Walisoma neno langu.

Majuma machache baadaye mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi shimo likaanguka. Alikuwamo kijana mmoja wa miaka 14. Nilipofungua daftari ili nimwandike katika marehemu, nilimkuta kwa mwandiko wangu mwenyewe: miaka 18. Mama yake alikuja kuniuliza siku aliyoandikwa kazini. Nilimpa tarehe. Umri sikuweza kuutamka.

Tulidanganya kwa sababu gani? Kwa hofu. Tuliogopa rangi nyekundu. Tulifikiri kikosi ni adui, na kazi yetu ni kukificha. Pengine kama tungalisema kweli tungalipewa manjano na miezi 6 ya kuwatoa watoto na kuimarisha mashimo kwa miti. Pengine tungalipewa nyekundu, tukala muhogo mtupu kwa muda. Lakini kijana yule angalikula muhogo pamoja nasi.

Basi, jambo nililojifunza ndilo hili. Pendekezo lisilo la kweli halitengenezwi na sahihi ya Waziri, hata mihuri yake ikiwa kumi. Amri itakayotufunga sisi hutengenezwa kwa majibu yetu. Kwa hiyo tusingoje kulia siku amri inapobandikwa mlangoni. Tusimame siku ile karatasi inapozaliwa.

Tufanye nini? Nasema mambo manne.

Jambo la kwanza, kila ushirika, ama kooperative kama tunavyosema, uchague mapema watu wawili au watatu wa kusema na kikosi. Wasichaguliwe na mkubwa. Wachaguliwe na wachimbaji katika mkutano, na mmoja awe mwanamke, maana wamama wanaotwanga na kuosha mawe huona mambo ambayo sisi wa mashimoni hatuyaoni.

Jambo la pili, kikosi kikitaka kuondoka, tuombe kwa heshima tusomewe yaliyoandikwa. Aliye na neno la kupinga aseme pale pale, na neno lake liandikwe pamoja na mengine, hata kama halikukubaliwa. Neno lililoandikwa laweza kurudiwa. Neno lililosemwa njiani hupeperuka na vumbi.

Jambo la tatu, tuandike tarehe ya ziara, na tufuatilie. Tuulize ofisini: taarifa yetu imefika wapi? Imo mezani kwa nani? Karani mwenzangu wa ofisi, namjua, husukuma kwanza karatasi inayoulizwa.

Jambo la nne ni la nyumbani kwetu. Sheria ya madini ya mwaka 2018 yataka mchimbaji mdogo awe ndani ya ushirika. Je, ndani ya ushirika wetu twaamuaje? Mara nyingi mwenyekiti husema asubuhi, na jioni ni amri: kila mtu atoe kilo kadhaa, shimo lile lifungwe, watu wale wahame. Nani aliyependekeza? Nani aliyekubali? Hakuna ajuaye. Wandugu, hatuwezi kudai mpango wa haki kutoka Kinshasa kama hatuuweki kilimani petu. Pendekezo liandikwe, na jina la aliyelileta. Lisomwe mbele ya watu. Lilale walau usiku mmoja, maana hasira ya jioni si akili ya asubuhi. Siku ya pili wanaolipinga wasikilizwe, kisha lifanyiwe mapatano, liandikwe katika daftari pamoja na tarehe na majina ya waliokuwapo. Na kama baadaye laonekana baya, libadilishwe kwa njia ile ile, si kwa kelele za mlangoni.

Mtu ataniambia: “Karani, hayo yote ni maneno ya watu waliosoma.” Sivyo, mzee wangu. Babu zetu hawakuwa na daftari, lakini hakuna mzee aliyekata shauri la shamba bila kwanza kwenda kuona mpaka kwa miguu yake na kuwaita majirani wa pande zote. Kuona, kupendekeza, kukubali: twayajua tangu zamani. Ila siku hizi waliosimama mpakani wasafiri mbali na mwenye kukata shauri, na kati yao ni karatasi tu. Ndiyo sababu karatasi lazima iseme kweli.

Daftari lile mimi sinalo tena. Lakini ule mstari mmoja nauona kila niandikapo umri wa mtu. Siku hizi kijana akija kwangu kutaka kazi, namuuliza mwaka aliozaliwa, namtazama usoni, na kama hajafika miaka, namwambia arudi kwao. Wengine hunitukana. Na watukane.

Nimesema.