Neno la Kwaya: Kambi ya Agosti na Kukua kwa Watoto Wetu

Karibuni katika jubilii yetu ya miaka 50.

Kwaya ikipewa nafasi ya kunena, watu hutarajia habari za nyimbo, safari na kanda tulizorekodi. Hizo mtazisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tumeomba kusema juu ya kazi yetu moja isiyosikika kwenye maikrofoni, nayo ni kambi ya watoto ya kila likizo ya Agosti.

Katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, mwaka wa hamsini ulitangazwa kwa kupigwa baragumu. Aliyeuza shamba alirudishiwa, na aliyekuwa mtumwa aliachiliwa arudi kwa jamaa yake. Jubilii basi si sherehe ya kukata keki tu. Ni mwaka wa mtu kurudishiwa alichokosa.

Sasa watazameni watoto wetu. Wengi wamezaliwa hapa Nairobi na wanalelewa katika vyumba vya ploti. Mahali pao pa kucheza ni kwenye ngazi, chini ya kamba za nguo, au barabarani katikati ya bodaboda. Wazazi wao si wazembe. Wanatoka alfajiri kutafuta riziki na kurudi usiku. Lakini mtoto anaweza kufika darasa la sita bila kukimbia mahali ambapo hakuna mtu wa kumfokea aangalie gari.

Ndiyo maana tunawapeleka Limuru. Si mbali, lakini kwao ni nchi nyingine. Agosti kule kuna baridi na ukungu, na asubuhi nyasi zimelowa umande. Majani ya chai yalipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru, mwaka 1903. Watoto hawa wanakunywa chai kila siku ya maisha yao, lakini wakifika wanauliza ule mmea wa kijani ni nini. Wakionyeshwa jinsi mchumaji anavyochuma majani mawili na chipukizi, wanaanza kuhesabu ni mikono mingapi imefanya kazi kabla kikombe hakijafika mezani.

Luka, katika sura ya pili, anatueleza kwamba Yesu alipokuwa mtoto alikua kwa pande nne: akili, kimo, kumpendeza Mungu na kupendwa na watu. Tena anatueleza hayo mara tu baada ya habari ya safari, Yesu akiwa na miaka 12, alipokwenda Yerusalemu na wazazi wake pamoja na jamaa na majirani. Kambi yetu tumeipanga kwa pande hizo nne.

Mwili unakua kwa kutembea, kucheza, kula githeri ya moto na kulala mapema. Akili inakua kwa sababu mtoto anapewa kazi ya kweli: kuwasha moto wa kuni, kugawa chakula kitoshe wote, kusoma ratiba na kuwaongoza wenzake. Upande wa Mungu, tunajifunza Neno asubuhi na kuomba jioni. Mawinguni kukiwa wazi usiku, tunazima taa na kuwaacha watazame nyota, ambazo mjini zimefichwa na mwanga na moshi. Hatuwalazimishi kushuhudia. Tunawapa nafasi ya kunyamaza, kwa maana hiyo nayo ni adimu katika ploti.

Upande wa watu ndio sisi wanakwaya tunaoujua zaidi. Tunawafundisha kuimba sauti nne. Mwanzoni kila mmoja anapiga kelele ili asikike. Kufikia siku ya tatu, anaanza kusikiliza jirani yake ili asimfunike. Mtoto aliyejifunza hivyo amejifunza jambo litakalomfaa katika ndoa na kazini.

Wako wanaotuuliza: siku tano zina faida gani, ikiwa mtoto anarudi katika chumba kile kile? Swali hilo ni la haki. Kambi peke yake haitoshi. Kwa hiyo kila kikundi cha watoto kina wanakwaya wawili wanaoendelea kuwatembelea nyumbani kwao mwaka mzima. Kambini hakuna mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto mahali pa faragha, na kila mtoto anafundishwa nambari 116, ambayo anaweza kupiga bila malipo akidhulumiwa. Tunataka arudi akijua kwamba yuko mtu atakayemsikiliza.

Lakini jambo linalotuumiza ni hili: mtoto anayeihitaji kambi zaidi ndiye asiyeweza kuja. Ni msichana wa miaka 11 au 12, kifungua mimba. Shule zikifungwa, yeye ndiye mlezi wa wadogo zake ili mama aende kufua nguo za watu au kuuza mboga. Tukimwambia mama amwachilie siku tano, tunamwambia akose mshahara wa siku tano. Mama huyo anampenda binti yake, ila akikosa kazi, nyumba nzima inalala njaa. Kupunguza ada hakumsaidii. Hata kambi ikiwa bure, bado yuko mtoto mdogo wa kubebwa.

Kwa hiyo leo hatuombi fedha peke yake. Tunaomba chumba cha shule ya Jumapili kifunguliwe kwa siku hizo tano, ili wale wadogo walelewe hapa kanisani kuanzia asubuhi hadi mama zao watoke kazini. Tunaomba akina mama, na akina baba pia, wajiandikishe kwa zamu, na mwenye ujuzi wa uuguzi ajitokeze. Fedha za uji na chakula cha mchana kwa wadogo hao tunazo. Tulikuwa tumezichanga kwa ajili ya sare mpya za jubilii, ndiyo sababu leo mnatuona tumevaa zile za zamani.

Msichana huyo akipata siku tano za kuwa mtoto, tutakuwa tumeitangaza jubilii sawasawa. Karatasi ya kujiandikisha iko mezani pale mlangoni, na wanakwaya wawili watakuwapo hadi mwisho wa sherehe.