Miti ya Kuvuna, Msitu wa Kuishi



Wahitimu wetu wa kidato cha nne hapa Nyamisangura, nataka muijue Karura, msitu ulio ndani ya jiji la Nairobi. Ulitangazwa hifadhi mwaka 1932, una zaidi ya hekta 1,000, na sehemu kubwa ilipandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni ya kuvunwa. Miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi. Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alikwenda pale kupanda miche kupinga ugawaji huo, akapigwa kichwani hadi damu ikamtoka. Hakurudi nyuma, na msitu ukabaki.

Yaliyofuata yananigusa zaidi. Mwaka 2009 wakazi waliunda Marafiki wa Msitu wa Karura, wakashirikiana na Shirika la Misitu la Kenya, uzio ukajengwa. Sasa familia hulipa kiingilio, hutembea, huendesha baiskeli, hufika kwenye maporomoko. Mikaratusi nayo huondolewa kitalu kwa kitalu, na miti ya asili kama muhugu hupandwa mahali pake. Mbega wamehamishiwa humo kutoka eneo la Kipipiri, Kenya.

Kitalu kwa kitalu, wahitimu. Ukifyeka kilima chote kwa mkupuo, mvua ya kwanza huondoka na udongo, na kaboni iliyotunzwa humo huanza kurudi hewani. Vilevile wageni wapewe njia zao, na wanyama waachiwe pao pa kuzalia. Bila hivyo tutakuwa na bustani tu, msitu hatuna.

Sisemi tung'oe mikaratusi yote ya hapa kwetu Tarime. Najua nguzo na kuni zake zimelipa ada za baadhi yenu. Lakini kando ya maji mikaratusi haifai, inakunywa mno. Mto Mara unatoka Mau, Kenya, unapita Serengeti hadi Ziwa Victoria, na vijito vyetu huujaza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto.

Kati ya mtihani wa Novemba na matokeo ya Januari mtakuwa na nafasi. Nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, mwombe kipande kimoja cha kingo hizo, mpande mikuyu na miti mingine ya asili, kisha mwache njia moja ya watu kupita na kupumzika. Wazazi, wapeni majembe.