Mjamzito Mwenye Kisukari na Dawa za Shinikizo la Damu


Sukari ikizidi mwilini kwa muda mrefu, huharibu utando wa ndani wa mishipa ya damu. Ndiyo maana mjamzito mwenye kisukari yumo katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba, ambacho aghalabu hutanguliwa na shinikizo la damu kupanda baada ya wiki ya 20.

Tunawasihi: kipimo kikifika 140 kwa 90, au kichwa kikiuma sana na macho kuona maluweluwe, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Msinunue dawa kwa kukisia. Enalaprili, kwa mfano, humdhuru mtoto tumboni. Anayeitumia amwone daktari mara ajuapo ana mimba. Hata aspirini ya kiwango kidogo, ambayo hukinga, huanzishwa na daktari, hasa kabla ya wiki ya 16. Basi, wahini kliniki.