MVUA, UDONGO NA MAJANI YA NG'OMBE
Mazungumzo kwa wafugaji wa Malindi na Kilifi

Wasikilizaji, kila akaaye katika pwani ya Kenya ajua kwamba pepo mbili ndizo zitawalazo mwaka wake. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, nayo huleta jua na ukavu. Kusi huingia Aprili pamoja na mvua kubwa, ambazo mwezi wa Mei huwa nyingi kuliko miezi yote. Kisha vuli hunyesha Oktoba na Novemba. Mkulima wa mahindi huhesabu siku zake kwa mvua hizo, lakini mfugaji mara nyingi hudhani kwamba majani hayataki hesabu, kwa kuwa huota yenyewe. Dhana hiyo imepoteza ng'ombe wengi.

Pwani joto halizuii majani kuota mwezi wo wote. Kizuizi ni maji. Karibu na bahari mvua ya mwaka hufika milimita 1,000 au zaidi, lakini aendaye bara kwa njia ya Ganze huiona ikipungua, na katika sehemu zilizo kavu kabisa haifiki nusu ya hiyo. Kwa hiyo majani ya tembo, ambayo wengi huyaita nepia, hustawi karibu na pwani. Bara hufaa zaidi majani ya asili yaliyozoea ukavu.

Tena kuna jambo la udongo. Sehemu nyingi za pwani zina udongo wa kichanga, ambao hupitisha maji upesi kama chujio. Mvua kubwa inaposhuka huchukua naitrojeni, chakula kikuu cha majani, ikaipeleka chini isikofikiwa na mizizi. Ndipo shamba lililokuwa kijani huweza kugeuka manjano, ingawa mvua haijakoma. Dawa yake ni samadi na mboji, kwa sababu vitu hivi hushika maji na chakula cha mmea pamoja.

Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa, katika miaka ya 1990, wataalamu walijaribu kupanda majani ya tembo pamoja na lusina na klitoria, mimea ya jamii ya kunde, na kurudisha shambani samadi ya ng'ombe. Katika mizizi ya mimea hiyo hukaa vijidudu vichukuavyo naitrojeni hewani. Hivyo udongo hulishwa bila mbolea ya dukani, na ng'ombe naye hupata chakula cha kumwongezea maziwa. Lakini lusina isizidi theluthi moja ya chakula chake, maana ikizidi humdhuru.

Hasara kubwa kuliko zote ni udongo wenyewe kuchukuliwa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ikikuta ardhi iliyolishwa hata ikabaki tupu, maji hayaingii ndani bali hutiririka na udongo mpaka baharini. Katika taarifa ya mwaka 2007, wataalamu walieleza jinsi walivyochunguza tumbawe la Malindi lililokua kwa muda wa miaka 300 hivi, lililohifadhi ndani yake alama za udongo ulioletwa na Mto Sabaki. Alama hizo zilionyesha kwamba udongo huo uliongezeka sana tangu mwanzo wa karne ya 20. Shamba likishafika baharini, hapana awezaye kulirudisha.

Wala mvua haina ahadi. Tangu mwisho wa 2020 hata 2022 ilipungua misimu mitano mfululizo, na wafugaji wa Ganze na Magarini walipoteza mifugo. Mwishoni mwa 2023 ikaja kwa wingi, ikaleta mafuriko.

Basi mfugaji mwenye busara afanye nini? Majani ya tembo ayakate kila baada ya wiki sita hadi nane, yangali laini, akiacha visiki vya sentimita 10 hivi ili yachipuke tena. Majani ya asili ayakate kabla hayajakomaza mbegu, siku mvua kubwa zikipungua, ayaanike yakauke kabisa, ayaweke juu ya uchanja chini ya paa la makuti. Ng'ombe mdogo wa kienyeji hula kama kilo sita za majani makavu kwa siku. Kwa siku 100 za kaskazi ni kilo 600. Asiyeweza kukusanya zote akusanye nusu, maana nusu hiyo huenda ikamfikisha ng'ombe kwenye mvua.

Wazee walisema akiba haiozi. Majani yaliyowekwa na unyevu huoza. Yaliyokaushwa vema humngojea mwenyewe mpaka siku ya haja.