Chokaa Shambani: Dawa ya Udongo Wenye Asidi
(Nakala ya mazungumzo kwa mabaraza ya wakulima kabla ya mvua ndefu)



Mtu mwenye kiungulia hutafuna tembe nyeupe, na baada ya muda mfupi moto wa kifuani hupoa. Tembe nyingi za aina hiyo huwa na haidroksaidi ya magnesiamu au ya alumini. Hizi huitwa besi. Besi ikikutana na asidi ya tumboni, kila moja hupoteza makali yake, na kinachobaki ni chumvi na maji. Chokaa nayo hufanya kazi kama hiyo shambani.

Mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya na kaskazini mwa Bonde la Ufa yana udongo wenye asidi. Mvua nyingi huosha kalsiamu, na mbolea kama DAP ikitumiwa mwaka baada ya mwaka huongeza asidi. Kipimo chake ni pH: 7 ni katikati, na kila hatua moja kwenda chini ni asidi mara 10 zaidi. Ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyo udongoni huyeyuka na kudhuru mizizi, nayo fosforasi ya mbolea hunaswa udongoni. Mkulima hulipia mbolea lakini mahindi hayaifaidi.

Chokaa hupunguza asidi hiyo. Alumini nayo hugeuka kuwa haidroksaidi isiyoyeyuka, na mizizi hupata nafuu.

Hata hivyo, chokaa si moja. Chokaa ya kilimo kwa kawaida ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, yaani kalsiamu kaboneti. Hufanya kazi polepole na ni salama kushika. Chokaa iliyozimwa, ile ya ujenzi na ya kupaka kuta, ni kalsiamu haidroksaidi. Hii ina nguvu zaidi: kilo 74 zake safi hutuliza asidi sawa na kilo 100 za kaboneti safi. Kwa hiyo kipimo cha moja hakifai kwa nyingine.

Mambo matatu yazingatiwe.

Kwanza, udongo upimwe kabla ya chokaa kununuliwa. Afisa wa kilimo wa wadi ataeleza jinsi ya kuchukua sampuli, na maabara za KALRO hupima. Chokaa ikizidi, mimea hukosa madini kama zinki na chuma.

Pili, chokaa isichanganywe na mbolea ya DAP wala CAN. Haidroksaidi ikigusa mbolea yenye amonia, harufu inayochoma pua hutoka. Harufu hiyo ni nitrojeni ya mkulima ikipotelea hewani. Chokaa itangulie wiki kadhaa, ichanganywe vyema na udongo, kisha mbolea ifuate wakati wa kupanda.

Tatu, chokaa iliyozimwa huchoma macho na ngozi. Anayeimwaga avae miwani, glavu na barakoa, na watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe mara moja kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 20, kisha mgonjwa apelekwe hospitalini. Ndimu au siki isitumiwe kamwe: asidi na besi zikikutana hutoa joto, na jeraha huongezeka.

Mwenye shaka kuhusu gunia aliloliona dukani asome maandishi yake, au amuulize afisa wa kilimo kabla ya kulipa.